Mwenye Kuita na Mwenye Kuitikia

Khutba ya Ijumaa iliyotayarishwa kwa ajili ya redio, kutoka Getanuwas, Hanang

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na ardhi, akateremsha mvua, akaotesha nafaka, na akatutolea maziwa safi matumboni mwa wanyama. Tunamshukuru, tunamwomba msaada, na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, pamoja na nafsi yangu yenye makosa, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hiyo ndiyo akiba isiyooza.

Ndugu Waislamu, ninyi mlioketi hapa msikitini na ninyi mnaotusikiliza majumbani, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wataliona dogo, nalo ni chakula tunachowapa watoto wetu na kinywaji tunachokinunua njiani. Wala si dogo. Kiwiliwili hiki ni amana, na siku ya Kiyama kila mwenye amana ataulizwa.

Miezi michache iliyopita mtoto mmoja wa madrasa yetu alishikwa na usingizi katikati ya somo. Nilimwuliza alikula nini asubuhi ile. Akanionyesha pakiti tupu ya biskuti, akasema kwamba alishushia na soda. Nami namjua mama yake. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, na kila alfajiri huyachukua maziwa yake hadi barabarani kuyauza. Nilipokutana naye nikamwuliza kwa upole, alinijibu maneno ambayo hayajanitoka moyoni hata leo. Alisema: "Sheikhe, maziwa na kiporo cha ugali ni vitu vya nyumbani, kila mtu anavyo. Mimi sitaki mwanangu aonekane mtoto wa kimaskini mbele ya wenzake."

Lifikirini jibu hilo, ndugu zangu. Mama huyu si mvivu, wala si mjinga, wala hakupungukiwa na mapenzi kwa mwanawe. Aliuza kilicho bora, akanunua kilicho hafifu, kwa sababu ameambiwa mwaka baada ya mwaka, kwa picha za ukutani na kwa nyimbo za redioni, ya kwamba kilichomo katika chupa yenye rangi ndicho cha watu wa maana, na kilichomo katika kibuyu ni cha washamba. Tangazo lile halikumwuzia kinywaji tu. Lilimwuzia aibu kwanza, kisha likamwuzia dawa ya aibu.

Basi sasa twaulizana: kosa ni la nani? Wako wanaosema kwamba kosa ni la mnunuzi. Ana akili yake, ana mkono wake na kinywa chake, na hapana aliyemfunga kamba akamnywesha kwa nguvu. Na wako wanaosema kwamba kosa ni la muuzaji na mtangazaji, wenye fedha nyingi na hila nyingi, ambao huchunguza udhaifu wa mwanadamu kama mwindaji achunguzavyo njia ya mnyama.

Swali hili limewasumbua hata watu wa nchi kubwa. Mwaka 2002, katika mji wa New York, wasichana wawili, kwa kupitia wazazi wao, waliishtaki kampuni ya McDonald's, iuzayo mikate yenye nyama na viazi vya kukaanga, wakidai kwamba chakula chake na matangazo yake viliwanenepesha na kuwatia maradhi. Mwezi Januari 2003 Jaji Robert Sweet aliitupilia mbali kesi hiyo. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mtu anayejua, au apasaye kujua, madhara ya kula kupita kiasi, hawezi kuibebesha kampuni lawama ya kushindwa kwake kujizuia. Lakini jaji huyo huyo hakuufunga mlango wote. Alieleza kwamba shauri lingekuwa jingine iwapo ingeonyeshwa kuwa chakula kile kimetengenezwa kwa namna ambayo mlaji wa kawaida hawezi kuitambua hatari yake. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuzuia mashtaka ya namna hiyo, ila Baraza la Senati halikuupitisha. Basi watu wa huko wakabaki makundi mawili, na kila kundi limeshika nusu ya ukweli.

Sisi, alhamdulillahi, hatukuachwa bila ya mwongozo. Katika Sura Ibrahim, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametusimulia yatakayokuwa siku ile hukumu itakapokwisha kupitishwa. Shetani atawakabili waliomfuata, naye atakiri kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu yao. Alichokifanya ni kuwaita tu, nao wakamwitikia. Kisha atawaambia wasimlaumu yeye, bali wazilaumu nafsi zao.

Tazameni jinsi hoja hiyo inavyofanana na hoja tunayoisikia sokoni: "Mimi niliita tu; aliyekuja alikuja kwa miguu yake." Na kwa mwenye kuitikia hoja hiyo ni ya kweli, kwani haikanushwi katika aya hiyo. Aliyeitikia hatapata udhuru kwa kusema kuwa aliitwa kwa sauti tamu. Lakini je, hoja hiyo ilimwokoa Shetani na adhabu? Hasha! Simfananishi mfanyabiashara na Shetani, kwani biashara ni halali, na mfanyabiashara mkweli ana cheo kikubwa mbele ya Mola wake. Nisemalo ni kwamba udhuru wa "niliita tu" haukumfaa aliyeusema kwanza, wala hautamfaa atakayeusema baadaye.

Na katika Sura An-Nahl, aya ya 25, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba wenye kuwapoteza watu wasio na ujuzi watabeba mizigo yao wenyewe kwa ukamilifu siku ya Kiyama, na pia sehemu ya mizigo ya wale waliowapoteza. Hapo ndipo ilipo hukumu yetu. Dhima haigawanywi kama nyama ya mnadani, ambapo fungu la mmoja likiongezeka fungu la mwenzake hupungua. Mwenye kuita anao mzigo wake mzima, na mwenye kuitikia anao mzigo wake mzima. Asijifiche mmoja nyuma ya mwenzake.

Tuanze na mzigo wa mwenye kuitikia, yaani mlaji. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 168, Mola wetu ametuamuru tule vilivyomo katika ardhi vyenye sifa mbili: viwe halali na viwe vizuri. Wengi wetu huuliza juu ya sifa ya kwanza na kuisahau ya pili. Tutauliza kuku huyu amechinjwa na nani, na ni haki yetu kuuliza. Lakini hatuulizi mafuta yaliyomkaanga yametumika mara ngapi hata yamekuwa meusi kama lami. Na katika Sura Al-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Naye Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Al-Miqdam bin Ma'dikarib na kuitoa Tirmidhi, ametufundisha kwamba hapana chombo kibaya anachokijaza mwanadamu kuliko tumbo lake, na akatuwekea kipimo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi.

Sisemi kwamba soda ni haramu, wala chipsi. Hatuna ruhusa ya kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini halali nayo ina kipimo. Soda ya kola, kwa kawaida, ina sukari ya gramu 10 hivi katika kila mililita 100. Basi chupa moja ya mililita 350 ina gramu 35, ambazo ni karibu vijiko tisa vidogo vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hiyo isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu yote ya chakula cha mtu kwa siku, na ikiwezekana ipunguzwe hata nusu ya hapo, yaani kama vijiko sita kwa mtu mzima. Chupa moja tu, basi, huupita mpaka huo ulio bora. Nani kati yetu angemwona mama akimlambisha mwanawe vijiko tisa vya sukari, asimzuie mkono?

Na matunda yake tunayaona. Katika uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 1991 hadi 1992, wanawake 11 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliopita kiasi. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 hadi 2016 walikuwa 28. Na uchunguzi huo huo wa pili ulionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya kila watatu walio chini ya miaka mitano alikuwa amedumaa. Katika nchi moja, na pengine chini ya paa moja, mama ananenepa kwa maradhi na mtoto anadumaa kwa kukosa chakula cha maana. Nao uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta kwamba watu 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Tusiseme, tunapokatwa mguu au kupofuka, kwamba ni majaliwa tu. Majaliwa ni haki, nasi tunayaamini. Lakini katika Sura Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe.

Sasa tuutazame mzigo wa mwenye kuita. Katika hadithi aliyoitoa Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaliona fungu la nafaka. Akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu ili watu waione, kisha akatoa hukumu kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Zingatieni, ndugu zangu: mtu yule hakusema uongo hata neno moja. Alionyesha kilicho kikavu na kukificha kilicho maji. Na tangazo la biashara, aghalabu, ndivyo lifanyavyo. Litaonyesha kijana mwenye nguvu akicheka na chupa mkononi, wala halitaonyesha vijiko tisa vya sukari.

Na wala msidhani kwamba mambo haya ni ya dhana tu. Watu wa umri wangu wanayakumbuka maneno yaliyokuwa juu ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya maziwa hayo, Nestlé ikiwa kubwa miongoni mwao, yaliyatangaza sana katika nchi maskini, na hata wanawake waliovaa mavazi kama ya wauguzi walitumiwa kuwashawishi wazazi. Mama aliyekuwa na maziwa ya kutosha kifuani aliingiwa na shaka juu yake. Akanunua kopo, likiisha haraka akazidisha maji ili lidumu, na mara nyingi maji yale hayakuwa safi. Watoto wakaharisha, wakakonda, wakafa. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya namna hiyo kwa kura 118 dhidi ya moja, na kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Tanzania nayo ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Hapana aliyewaambia akina mama, "Ni juu yenu wenyewe, mngalijizuia." Dunia ilikiri kwamba mwenye kuita alikuwa na dhambi yake. Nasi Waislamu, ambao Sura Al-Baqara, aya ya 233, imetutajia miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kutimiza, tulistahiki kuwa wa mbele kuusema ukweli huo.

Nayasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, si adabu kwa mwenye kuhutubia kuwanyooshea wengine kidole na kukificha chake. Yapasa niseme. Miaka kadhaa iliyopita, madrasa yetu ilipokuwa haina mabenchi, alitujia wakala wa kinywaji kimoja, ambacho sitakitaja jina. Alisema atatupa mabenchi sita, na kibao chenye jina la madrasa, iwapo tutamruhusu kuupaka ukuta wetu rangi ya kinywaji chake na kuchora chupa juu yake. Nilikubali, tena nilimshukuru mbele ya wazazi. Watoto wakawa wanajifunza alifu na bee chini ya chupa ile. Siku ya Maulidi, waliofaulu katika kusoma Qur'ani tuliwatunuku soda, nasi tulimwona kila mmoja akiinua chupa yake kama aliyetunukiwa nishani.

Yule mama aliponipa jibu lake, nilirejea madrasa, nikasimama mbele ya ukuta ule, nikajua jibu lake lilitoka wapi. Lilitoka kwangu. Yeye alikuwa mwenye kuitikia, na mimi nilikuwa mwenye kuita, kwa ujira wa mabenchi sita. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, naye mama yule nimekwisha kumwomba radhi.

Katika hadithi ya Abdullah bin Umar waliyoitoa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Sisi watu wa Hanang na Mbulu hatuna haja ya kufasiriwa mchungaji ni nani. Mtoto akirudi jioni amepoteza ndama, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mwenye makosa ni fisi. Fisi ana makosa yake, lakini baba atamwuliza mchungaji: ulikuwa wapi? Na kwa upande wa pili, hapana mzee mwenye akili atakayesema kwamba, kwa kuwa tunao wachungaji hodari, boma halihitaji miiba. Mchungaji ni lazima, na miiba ni lazima.

Mchungaji wa kwanza ni baba na mama. Mtu mzima akiitwa, ana akili ya kupima mwito. Mtoto hana. Hajui tofauti ya tangazo na nasaha. Akisikia wimbo mtamu ataufuata. Basi kumwachia mtoto achague kati ya uji na soda si uhuru, ni kumtupa. Wazazi wetu wafugaji, maziwa ya asubuhi yawe kwanza ya mtoto, kisha ya soko. Mtama, ulezi, maharage, kunde, mayai na mtindi si vyakula vya aibu. Na akina baba, msiwaachie akina mama lawama yote. Mwenye kwenda mnadani na fedha za ng'ombe, akarudi na mfuko wa pipi na biskuti, aghalabu ni baba.

Mchungaji wa pili ni mfanyabiashara aliye miongoni mwetu. Vijana wetu wakaangao chipsi wanatafuta riziki ya halali, wala simruhusu mtu kuwatukana. Lakini nanyi, vijana, mafuta yakichakaa yamwageni. Wenye maduka karibu na shule, msiweke mlangoni, mbele ya macho ya mtoto, kile ambacho msingependa mtoto wenu ashinde nacho.

Mchungaji wa tatu ni mwenye mamlaka. Zamani dola za Kiislamu zilikuwa na muhtasib, mtu aliyepita sokoni kukagua vipimo na vyakula, kwani wazee wetu walijua kwamba nasaha ya mimbarini peke yake haitoshi. Leo nchi nyingine zimeweka miiba yao. Chile, tangu mwaka 2016, inalazimisha alama nyeusi juu ya pakiti za vyakula vilivyozidi sukari, chumvi au mafuta, na imezuia kuvitangaza kwa watoto. Oman, ambako tuna ndugu wengi wa lugha yetu, iliweka mwaka 2019 ushuru wa asilimia 50 juu ya soda, na asilimia 100 juu ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Si vibaya nasi tukawaomba viongozi wetu, kwa adabu na kwa kurudia, wawalinde watoto na matangazo ya namna hiyo, hasa karibu na shule.

Lakini tusingoje mpaka huko. Muda tuliopatana na yule wakala umekwisha, nami nimemwandikia barua, kwani Mwislamu hutimiza ahadi yake. Kesho Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri, tutaupaka chokaa ukuta wa madrasa. Mwenye brashi na aje nayo, na mwenye chokaa atuongezee. Kisha watoto watakunywa maziwa na uji wa ulezi. Yule mama mwenye ng'ombe wawili amesema kwamba maziwa ya kesho hayapeleki barabarani, atayaleta madrasa. Nimemwambia tutayanunua kwa bei ya soko, kwani ni riziki yake, naye amekataa kupokea zaidi ya nusu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tule kilicho halali na kizuri, na utulinde na israfu. Wape wagonjwa wetu wa kisukari na wa shinikizo la damu shifaa na subira. Wabariki wafanyabiashara wakweli, na waongoze waliopotoka. Tusamehe sisi tulioita, na wasamehe walioitikia. Wakuze watoto wetu katika afya na katika imani. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mtajeni Mola wenu naye atakutajeni, na mshukuruni kwa neema zake naye atakuzidishieni. Simamisheni sala.